Mwanangu wa miaka 2 na miezi 7 hazungumzi: nimpeleke shule ya awali au nisubiri?

Mama_Zawadi: Habari za jioni, wanajukwaa. Nina mtoto wa kiume ambaye hadi leo hajatamka neno linaloeleweka, ilhali binti wa jirani aliyezaliwa naye wiki moja tayari anamsimulia bibi yake kila anachokiona dirishani. Ni mzima, anakula vizuri, anakimbia, tena hakuna mfuniko wa chupa unaomshinda. Kinachoninyima usingizi ni kwamba ameanza kuwang'ata wenzake. Je, nimpeleke shule ya awali ya mchepuo wa Kiingereza akachanganyike na watoto wengine, au nimwache nyumbani hadi afunguke mdomo?

Mzee_wa_Kizota: Mwanangu, usijisumbue. Kijana wangu wa tatu alianza kuzungumza akiwa na miaka 4, siku mbuzi wa jirani alipokula daftari la dada yake, na neno lake la kwanza lilikuwa tusi. Leo ni wakili, analipwa kwa kusema. Watoto wa kiume huchelewa.

Binti_Mwambao: Tatizo ni simu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku mbele ya skrini. Sisi akina mama tunamkabidhi dada wa kazi mtoto, dada naye anamkabidhi mtoto simu, kisha tunashangaa. Katuni haimngoji mtoto ajibu.

Mwalimu_wa_Awali: Kiingereza si hoja, kwani kukua na lugha mbili hakumzuii mtoto kuzungumza. Mimi ningependa kujua yanayotangulia maneno. Je, ananyoosha kidole kukuonyesha kitu, kisha anakutazama ahakikishe nawe umekiona? Je, anajifanya kunywa chai kwenye kikombe kitupu? Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyechunguza jinsi akili ya mtoto inavyokua, aliuona mchezo wa namna hiyo kuwa dalili kwamba mtoto ameanza kubeba kichwani picha ya kitu kisichokuwapo mbele yake, na neno nalo hubebwa vivyo hivyo. Kwa kawaida mtoto wa miaka 2 huunganisha maneno mawili, kama "mama maji". Wako hana hata moja?

Mama_Zawadi: Kidole ananyoosha, tena hunivuta kitenge hadi jikoni. Juzi alimlisha mdoli wa dada yake ugali wa udongo, kisha akampangusa mdomo. Nikirudi kazini hunirukia na kujificha shingoni mwangu. Simu anaangalia, sikatai, ila hata sauti ikizimwa anatazama vilevile, kwa hiyo sidhani kwamba maneno ya katuni ndiyo yanayomharibu. Niseme ukweli, nusu ya ada nimekwisha kuilipa, hivyo naomba tujadili namna ya kumwandaa.

Mwanafunzi_wa_Saikolojia: Huko kukurukia ni habari njema. Mary Ainsworth, ambaye kazi yake kuhusu mapenzi ya mtoto kwa mlezi hufundishwa dunia nzima, alianzia hapa jirani, katika vijiji vya karibu na Kampala mwaka 1954 na 1955, akizitembelea familia 26 na kutazama jinsi mtoto anavyomtumia mama kama kituo cha kuondokea na kurudia. Wako ana kituo. Kung'ata pia usikuite ukorofi, kwa sababu mtoto asiye na neno "changu" hulisema kwa meno.

Nesi_Mstaafu: Mama, rudi pale uliposema kwamba sauti ikizimwa anatazama vilevile. Aliwahi kulazwa?

Mama_Zawadi: Alilazwa siku 14 akiwa na miezi 11, kwa homa ya uti wa mgongo. Sikuitaja kwa sababu alipona, na walipomruhusu hawakuniambia kitu kingine. Kabla ya hapo alikuwa akisema "mama" na "nyonyo". Mama mkwe anasisitiza kwamba ana utando chini ya ulimi, amekwisha kumpata mtu wa kuukata, nami nimeahidi Jumamosi. Ni mkubwa wangu, siwezi kumpinga kila mara.

Jicho_la_Tatu: Hapa nasita. Mwanzoni hajatamka neno, sasa alisema mawili. Mwanzoni ni mzima, sasa alilazwa siku 14. Ukisoma vizuri utaona akili, lugha, jamii na hisia zimejipanga kama mada za chuo cha ualimu. Hili ni zoezi la muhula la mtu, na sisi ndio tunaolifanya.

Mzee_wa_Kizota: Kama ni zoezi, nami nadai alama za mbuzi.

Nesi_Mstaafu: Likiwa zoezi au lisiwe, jibu langu halibadiliki. Homa ya uti wa mgongo huweza kuua usikivu hata mtoto akapona kabisa kwa macho ya mzazi, na baada yake mfupa huweza kuota ndani ya sikio na kuzuia matibabu, ndiyo maana kila mwezi una uzito. Mpeleke kliniki ya masikio, pua na koo, apimwe usikivu kabla ya jambo lolote. Muhimbili wamekuwa wakipandikiza vifaa vya kusaidia kusikia tangu mwaka 2017. Wakati huo huo zungumza naye kwa mikono na uso, kwani lugha ya ishara ni lugha kamili. Ulimi msiuguse: aliyeweza kusema "nyonyo" akiwa na miezi 11 hakufungwa ulimi.

Mama_Zawadi: Ndugu Jicho, sikutunga. Niliandika kwamba hajatamka neno kwa sababu kukumbuka kwamba aliwahi kuniita kunaniuma zaidi. Nimetoka sasa hivi kusimama nyuma yake na kugonga kifuniko cha sufuria mara 3, naye akaendelea kupanga vifuniko vyake vya chupa. Mara ya 4 aligeuka, lakini taa ilikuwa nyuma yangu na nadhani aliona kivuli ukutani. Jumamosi nimeifuta, mama mkwe amekasirika. Ada nitaiomba shule inishikie hadi Januari. Nesi, kliniki hiyo wanataka barua ya rufaa, au niende hivi hivi kesho asubuhi?