Nimeanguka na baiskeli ya umeme, eksirei haikuona kitu, mkono bado unauma

MwanaTanga: Habari zenu ndugu zangu. Niko Den Haag, Uholanzi, mwaka wa tatu, na baiskeli ya umeme ndiyo miguu yangu. Jumanne ya wiki iliyopita, kulikuwa na rasharasha, nikakata kona kwenye reli za tramu. Gurudumu la mbele likazama kwenye ule mfereji wa reli, na mota yangu iko hukohuko mbele, ikazidi kuvuta. Sikuwahi hata kusema mama. Nilitanguliza kiganja cha kulia, baiskeli na kilo zake 24 ikanilalia gotini.

Goti ni michubuko tu. Shida mkono. Siku ileile nilipigwa eksirei nikaambiwa hakuna kilichovunjika, meza paracetamol. Leo siku ya tisa: kuandika naweza, mkoba nabeba, ila jana nimeshindwa kusonga ugali. Nikikaza mwiko tu, panachoma chini ya kidole gumba. Nirudi, au nitaonekana msumbufu? Tena naogopa bili, ile eigen risico (kiasi unacholipa mwenyewe kwa mwaka kabla bima ya afya haijaanza kulipa) ya euro 385 bado sijaimaliza.

NesiWaZamu: Pole sana dada. Niko Rotterdam, kazi yangu ni uuguzi. Simamisha kidole gumba kama unaomba lifti. Pale kwenye kifundo, upande wa gumba, kinatokea kishimo kati ya kano mbili. Kibonyeze kwa ncha ya kidole. Ukiruka, rudi kesho, usingoje.

Humo mna mfupa mdogo una umbo la korosho, unaitwa skafoidi. Ufa wake hujificha sana siku za mwanzo, ndiyo maana eksirei hurudiwa baada ya siku 10 hadi 14, au wanakupeleka MRI. Damu yake nyingi huingia kutokea upande wa vidole, kwa hiyo ukikatika, kipande cha upande wa kiwiko kinaweza kukosa damu kikafa. Waulize kuhusu hogo. Na tafadhali, mtu asikuchue!

Kumwona huisarts (daktari wa familia) hakukatwi kwenye hiyo 385. Eksirei na hospitali ndizo zinazokatwa.

FundiKombo: Mota ya mbele kwenye chuma kilicholowa ni ugomvi. Reli ivuke kwa kuikata moja kwa moja, kamwe usiende nayo sambamba, na acha kupiga pedali kabla hujaifikia ili mota inyamaze. Kabla hujaipanda tena angalia uma wa mbele kama haujapinda. Ganda la betri nalo likiwa na ufa, usiichaji ndani ya nyumba.

NaniliuWaUtrecht: Ugali wa mkono wa kushoto vipi? 😂 Pole dada.

MwanaTanga: @NesiWaZamu nimebonyeza. Nimeruka mpaka mtoto kacheka. Nimepata miadi kesho saa nne kasorobo. Ugali leo kasonga baba watoto, una mabonge, tumekula hivyohivyo.