Noah ya kulala safarini: nianze na lipi kabla ya Julai?

Kipupwe (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nina Toyota Noah ya zamani, SR50 ya mwaka 1999, injini ya 3S, otomatiki. Niliinunua miaka miwili iliyopita kwa jamaa mmoja wa Mbezi ambaye alikuwa ameshaigeuza kempa: viti vya nyuma alivitoa, akaweka kitanda cha mbao chenye droo chini, sinki dogo, dumu la maji, na paa akalitoboa kuweka dirisha la kufungua kwa juu. Tunaenea mimi, mke wangu na binti yetu wa miaka sita.

Masika yote ilikaa uani chini ya turubai. Jumamosi nimeifungua, harufu ya ukungu ikanipokea mlangoni. Godoro limelowa upande wa kichwani, plaiwudi ya kitanda imevimba ukingoni. Betri ya pili, ile ya taa na feni, nimeichaji usiku kucha. Asubuhi ikasoma volti 12.6, nikawasha feni na taa mbili, baada ya saa moja ikawa 11. Gari yenyewe inawaka vizuri, ila mara ya mwisho kwenda Morogoro mshale wa joto ulipanda kuliko kawaida.

Mipango ni Lushoto siku nne mwanzoni mwa Julai, halafu hifadhi ya Saadani mwezi Agosti. Nina milioni 3. Nilikuwa nimeshaamua kununua paneli mbili za sola, friji la volti 12, na inveta ya wati 2000 (ya kugeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani) ili tupashe chakula kwa maikrowevu. Pia kuna seremala wa Keko ananitengenezea hesabu ya kabati jipya la mninga, kazi zake ni nzuri mno. Baada ya kuona ule unyevu nimesita. Mngekuwa nyie, hiyo hela mngeipangaje? Natanguliza shukrani.

Gerezani Kona

Tairi ni za mwaka gani? Tafuta ubavuni neno DOT, mwisho wake kuna tarakimu nne. Ukikuta 2319 ujue ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikishavuka miaka sita zikaguliwe kwa makini hata kama kashata (meno ya tairi) bado ndefu, maana mpira unakakamaa na kupasuka nyufa ndogo ndogo, hasa gari ikisimama juani muda mrefu.

Halafu Noah nyingi hutoka Japani na tairi za barafu. Mpira wake ni laini, umetengenezwa kwa baridi. Lami ya Chalinze saa nane mchana na mzigo wa familia, hapana mkuu. Hizo toa kwanza.

Mama wa Goba

Kaka, usitoe hata shilingi ya friji kabla hujajua maji yanaingilia wapi. Mimi na mume wangu tuna Haisi tunayolala, na tulipoteza mwaka mzima kwa kosa hili. Tulipaka silikoni kuzunguka dirisha la paa mara mbili kwa sababu maji yalidondokea pale pale chini yake. Kumbe yanaingia kwingine, yanatembea juu ya dari, yanakuja kudondoka kwenye tundu la kwanza yanalolikuta.

Fanya hivi. Toa godoro na uifungue dari kama inafunguka. Mmoja akae ndani na tochi, mwingine ashike mpira wa maji nje. Anzeni CHINI, kwenye raba za vioo, dakika tano hivi, ndipo mpande polepole hadi kwenye paa. Mkianzia juu kila kitu kitalowa na hamtajua lolote. Ndani pakeni poda ya mtoto kwenye bati. Tone la kwanza likipita linaacha mfereji unaouona kwa macho.

Mkishapapata, msipake silikoni mpya juu ya kuukuu. Haishiki. Kwangua yote hadi bati, futa kwa spiriti, kama kuna kutu ipige msasa na uipake rangi ya kuzuia kutu, ndipo uweke gundi ya poliyurethani wanayotumia mafundi wa vioo vya magari. Hiyo hunyumbuka na bati linapotanuka kwa jua. Iache ikauke siku nzima.

Plaiwudi iliyovimba usiihurumie, ikate. Na baada ya hapo usifunike gari na turubai la nailoni linalogusa bodi. Hewa ya Dar ina unyevu na chumvi, chini ya turubai inageuka jasho. Bora kibanda cha bati, vioo viachwe wazi kidogo, na godoro lisimamishwe.

Fundi Rewaya

Mkuu, niongelee umeme maana ndiyo kazi yangu.

Kwanza hiyo betri imekwisha. Betri nzima ya asidi ikipumzika masaa kadhaa baada ya kuchajiwa husoma 12.7 hivi, kwa hiyo 12.6 inakudanganya, kipimo ni ukiipa mzigo. Feni na taa mbili za LED haziwezi kuishusha hadi 11 kwa saa moja kama ndani bado kuna kitu. Nabashiri mwenye gari wa kwanza aliweka betri ya kawaida ya kuwashia gari. Ile imeumbwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache, ukiinyonya usiku kucha mara kadhaa inakufa. Unatakiwa betri ya sola.

Sasa piga hesabu kabla ya kununua. Friji dogo la kompresa linakula kama wati 45 likiwa linanguruma. Kwa joto letu tuseme linanguruma nusu ya siku, saa 12. Hiyo ni wati-saa 540, yaani ampea-saa 45 kwenye volti 12. Betri ya asidi ya ampea-saa (Ah) 100 usiitumie zaidi ya nusu ukitaka idumu, kwa hiyo una Ah 50. Friji peke yake karibu limeimaliza kwa siku moja. Paneli ya wati 200 bapa juu ya paa, ukihesabu saa nne na nusu za jua zuri na ukatoa robo ya upotevu, inakurudishia wati-saa 675 hivi. Inatosha friji, taa, feni kidogo na simu. Lakini Lushoto Julai kuna ukungu na mawingu, na utapaki chini ya miti. Usitegemee hata nusu ya hiyo.

Maikrowevu niikatae kabisa. Ile inayoandikwa wati 700 inavuta kama 1,100 kutoka kwenye inveta, na inveta yenyewe inapoteza. Kwenye betri ni karibu ampea 100. Dakika kumi za kupasha wali zinakula Ah 17, na betri moja ya asidi ikivutwa hivyo volti zinaanguka, inveta inapiga kelele na kuzima. Jiko la gesi linafanya kazi hiyo hiyo bila kugusa betri. Taa, feni, pampu ya maji na chaji za simu vyote vipo vya volti 12, inveta huihitaji.

Muhimu kuliko paneli: weka rilei ya kutenganisha betri mbili, ili alteneta ichaji zote ukiwa unatembea na ukizima gari betri ya kuwashia isiguswe. Dar hadi Mombo, pale chini ya mlima wa Lushoto, ni safari ya masaa mengi, betri inafika imejaa. Waya uwe mnene, milimita 16 za mraba, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri KILA upande. Nimeona gari imeungua kwa sababu waya ulisuguliwa na bati na fyuzi ilikuwa mwisho wa waya, haikusaidia chochote. Ukija kununua betri ya litiamu siku zijazo, hapo utahitaji chaja maalumu ya betri kwa betri, kwa sababu litiamu huvuta sana na alteneta inaweza kuungua.

Kipupwe (mleta uzi)

Fundi, nashukuru mno. Nimefungua na kweli ni betri ya kawaida ya gari, tena haina fyuzi hata moja. Maikrowevu nimeifuta. Mama wa Goba, kesho naanza na mpira wa maji.

Dereva Mstaafu

Mwanangu, wote wamesema vizuri, lakini mimi nimeshtuka na ule mshale wa joto. Kutoka Mombo kupanda Lushoto ni kilomita 30 na ushee za kona na mlima. Gari iliyoonyesha joto njia ya Morogoro, pale itachemka.

Swali la kwanza: thamostati, ile valvu inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta injini ikishapata joto, ipo? Mafundi wengi wa mjini wakiona gari inachemka wanaing'oa, wanasema nchi yetu ya joto haihitaji. Kwenye injini kama ya 3S hilo ni kosa. Thamostati ikifunguka huwa pia inaziba njia ya mkato ya maji. Ukiing'oa, ile njia inabaki wazi, sehemu ya maji inazunguka kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Tambarare hutaona tatizo, utaliona mlimani.

La pili: umekuwa ukiongeza maji gani? Kama ni ya kisima, mengi huku kwetu yana chumvi, na chumvi inakula rejeta kwa ndani. Mwaga yote, rejeta isafishwe, weka kulanti, maji maalumu ya kupoozea injini. Noah injini iko chini ya viti vya mbele na rejeta iko mbele kabisa, mabomba ni marefu, hewa inanasa humo. Fundi akijaza atoe hewa taratibu, hita ikiwa wazi, mpaka mapovu yaishe. Mfuniko wa rejeta nunua mpya wenye namba ile ile ya presha. Kagua na feni zake.

Taimingi belti, mkanda unaoendesha valvu za injini, kama hujui ilibadilishwa lini, badilisha. Ni ya kilomita 100,000. Kwa 3S ikikatika valvu hazipigwi na pistoni, lakini gari inasimama hapo hapo, na kusimama konani na mtoto ndani si jambo dogo.

Kushuka ndiko kunakoua. Zima O/D (overdrive, gia ya juu kabisa), weka gia ya 2, injini ishike gari. Ukikanyaga breki mfululizo zinapata moto, maji ya breki yakiwa ya zamani yameshanyonya unyevu, yanachemka na pedeli inazama. Maji ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili.

Msasa na Randa

Mninga ni mbao nzuri ya sebuleni. Kwenye gari ni uzito. Chukua plaiwudi nyepesi ya milimita 9, ipake vanishi kingo zote, hasa kingo, kwa sababu maji huingilia hapo. Epuka MDF, ile mbao ya unga wa mbao uliobanwa, ikilowa mara moja inavimba kama mkate. Na kumbuka kila lita ya maji ni kilo moja. Madumu matatu ya lita 20 ni mtu mzima mmoja tayari.

Nesi wa Tabata

Naomba mnisikilize kwa hili. Lushoto Julai usiku ni baridi kweli, na mtu wa Dar akihisi baridi akili inamwambia aingize jiko la mkaa. KAMWE. Moshi unaoua hauna harufu wala rangi, familia inalala na haiamki. Hata mkaa ulioonekana umebaki majivu bado unautoa. Beba mablanketi mazito, soksi na kofia ya mtoto.

Gesi nayo: mtungi wa kilo 6 usikae ndani ya kabati lisilo na tundu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama sakafuni. Toboeni tundu chini kabisa ya kabati litokee nje. Mpira na regulata vipimwe kwa povu la sabuni. Mkipika ndani, dirisha la juu na mlango viwe wazi. Mkilala, mtungi ufungwe kwenye koki yake. Mtungi wa kuzimia moto ukae mahali mtu anaufikia akiwa kitandani.

Dumu la maji lililokaa masika yote lisafisheni kwa WaterGuard, lisuuzwe, ndipo mjaze mapya.

Njia ya Wami

Saadani Agosti barabara zinakuwa zimekauka, ila usijaribu mvua ikinyesha, ule udongo mweusi unanasa hata gari kubwa. Mbung'o wapo. Wanafuata gari inayotembea na wanapenda rangi ya bluu na nyeusi, kwa hiyo nguo na mapazia yawe ya kaki au meupe. Vioo fungeni mkiwa mnatembea. Chandarua cha dirishani kishonwe na sumaku ukingoni, kinabanduka na kubandikwa kwa sekunde.

Kipupwe (mleta uzi)

Wiki mbili na nusu zimepita, narudi na majibu kama nilivyoahidi nafsi yangu.

Mzee Dereva, shikamoo. Thamostati haikuwepo. Rejeta ilipofunguliwa yalitoka matope mekundu. Imesafishwa, thamostati mpya, mfuniko mpya, kulanti, na taimingi belti ambayo fundi alinionyesha ikiwa na nyufa. Maji ya breki pia. Hapo imeondoka hela kubwa kuliko zote. Tairi mbili zilikuwa za 2014, nimebadilisha zote nne.

Mama wa Goba, maji hayakuwa yanaingilia kwenye dirisha. Yaliingilia kwenye skrubu ya keria ya juu ya paa, upande wa kulia nyuma, na poda ilionyesha njia yote hadi kichwani mwa kitanda. Tumekwangua, tumeweka gundi. Skrubu zote nane, siyo hiyo moja.

Umeme: betri ya sola ya Ah 100, rilei, fyuzi mbili, waya mnene, paneli moja ya wati 200. Friji halikuenea kwenye bajeti. Tutabeba boksi la barafu, na nyama tutanunua huko huko. Kabati la mninga nimemwomba radhi seremala, amenikatia kitanda cha plaiwudi nyepesi na kutoboa tundu la gesi.

Juzi tumelala Kigamboni kujaribu. Alfajiri ikashuka mvua ya mchoo, nzito kidogo. Nilikaa na tochi nikilimulika dari mpaka ikakatika. Hakuna tone. Binti hakuamka hata kidogo, na feni ilikuwa bado inazunguka. Betri ilisoma 12.4.

Kitu kimoja bado sijakielewa, Mzee Dereva: kupanda kutoka Mombo nako nizime O/D, au niiache ichague yenyewe?

Dereva Mstaafu

Marahaba. Kupanda pia zima. Otomatiki ikiachwa yenyewe mlimani inapandisha na kushusha gia kila kona, oili ya gia boksi inapata moto. Kabla ya kuanza mlima simama Mombo, pumzisha gari, mpe mtoto maji, kagua mshale. Ondokeni Dar alfajiri ili mlima mpande kukiwa bado kuna mwanga.