Msitu wa Amani: ni upi ulio wa asili, na mihesi ifanywe nini?

Mtoto wa Tanga aliuliza:
Ndugu zangu, mwezi uliopita nilipanda kutoka Muheza hadi Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani nikitarajia msitu usioguswa na mkono wa mtu. Nilipita katikati ya mashamba ya chai, nikaona iliki chini ya miti mikubwa, na ndani ya hifadhi yenyewe nilikutana mara kwa mara na mhesi, mti ambao mwenyeji wangu alisema uliletwa. Naomba kueleweshwa: urithi wa asili hapo ni upi, na je, mihesi iondolewe?

Bwana Miti Mstaafu alijibu:
Mwenyeji wako alisema kweli. Wajerumani walifungua kituo cha utafiti Amani mwaka 1902, wakapanda mimea ya nchi nyingi kujaribu ipi ingewafaa, na mhesi, ambao kwao ni upande wa Ziwa Viktoria, ulifika kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Kilichoupa nafasi ni uvunaji wa magogo, ulioendelea hadi miaka ya 1980, kwa kuwa kila palipoangushwa mti mkubwa jua lilifika chini, na hondohondo, wanaopenda matunda ya mhesi, wakaeneza mbegu. Hifadhi ilipotangazwa mwaka 1997, ikiwa na hekta 8,380, mihesi ilikuwa imekwisha kuenea. Kwa maoni yangu, kuikata yote kwa mkupuo kungefungua mianya ileile inayoipenda. Afadhali ipunguzwe polepole, pale ambapo miche ya miti ya asili imekwisha kuinuka.

Mjukuu wa Mkulima alijibu:
Shikamoo mzee. Naomba kuongeza habari za iliki, kwa sababu babu yangu aliilima na ndiyo iliyotusomesha. Iliki hutaka kivuli, basi mkulima huacha miti mikubwa na kufyeka vyote vilivyo chini yake, pamoja na miche. Ukitazama kwa mbali utaapa kwamba msitu ni mzima, kumbe miti ile haina warithi. Baada ya miaka kadhaa udongo huchoka, miti iliyobaki hukatwa, na zamu huwa ya migomba na mihogo. Ndiyo maana naelewa kwa nini ushoroba wa Derema, unaounganisha misitu iliyokatika vipande, ulihitaji kulindwa. Lakini mkulima anayeacha shamba lake humo hulipwa fidia mara moja, ilhali iliki ilivunwa kila mwaka, na jambo hilo lisisahaulike tunapozungumzia urithi.

Mama Zigi alijibu:
Marahaba kwa niaba ya mzee, mwanangu. Kuhusu urithi, mimi hutazama vile ambavyo vikipotea hapa havipatikani kwingine. Lile ua dogo la zambarau linalouzwa kwenye vyungu Ulaya na Marekani, ambalo Waingereza huliita African violet, lilitoka Tanga. Mtawala wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyelipeleka kwao katika miaka ya 1890. Porini hushika kwenye miamba yenye unyevu na kivuli, na kivuli kikiondoka, nalo hukauka. Maji ya jiji la Tanga pia hutoka Mto Zigi, unaoanzia kwenye milima hiyohiyo ya Usambara Mashariki ulipo msitu wa Amani.

Mtoto wa Tanga:
Nimewaelewa, nami nawashukuru. Bwana Miti, je, miche ya asili huota vizuri chini ya mihesi iliyokwisha kukomaa?

Bwana Miti Mstaafu:
Huota, ila si kila mahali. Ukirudi Amani, inama utazame chini kabla ya kutazama juu.