Jarida la indie rock kwa Kiswahili: kurasa ngapi, ukubwa gani, na mbona safu zetu zina mianya?

NyuziSita (Kisumu)

Wadau, salaam. Tunaandaa jarida la indie rock kwa Kiswahili, litakalotoka Kisumu kila baada ya miezi mitatu na kusomwa hapa, Kakamega, Eldoret na Nakuru. Toleo la kwanza ni nakala 500. Tulivyopanga ni hivi: ukubwa wa A4, kurasa 34, karatasi ya kung'aa, rangi mwanzo hadi mwisho. Maandishi yako tayari: mahojiano mawili marefu, uhakiki wa albamu 12, kurasa mbili za gita na ampu, na ratiba ya maonyesho. Picha za jukwaani ni nyingi, na baadhi zimepigwa chini ya taa nyekundu tupu. Kurasa tunazipanga kwa programu ya Scribus.

Kurasa za majaribio tulizotoa kwa printa zinasomeka vibaya. Safu zina mianya mieupe kati ya maneno na picha ni giza. Tuanzie wapi? Na je, A4 ndiyo inayofaa jarida la namna hii?

MchapaKurasa (Nakuru)

Ndugu NyuziSita, anza na hiyo 34, kwa sababu haichapiki. Jarida la kufungwa kwa pini mgongoni hujengwa kwa karatasi zilizokunjwa katikati, na kila karatasi iliyokunjwa huzaa kurasa 4. Idadi isiyogawanyika kwa 4 itakuachia kurasa tupu mwishoni. Chagua 32 au 36.

Mimi naona 36 za A5: jalada kurasa 4 kwa karatasi ya gramu 200 kwa mita ya mraba, ndani kurasa 32 kwa gramu 100 isiyong'aa. Karatasi ya SRA3 ni milimita 320 kwa 450. Upande mmoja hubeba kurasa 4 za A5 pamoja na ziada ya kukatwa, pande mbili kurasa 8. Kwa hiyo ndani ya kila nakala mna karatasi 4; nakala 500 zinakula karatasi 2,000, yaani rimu 4. Majalada mawili hutoka karatasi moja, hivyo 250. Ongeza 5 hadi 10 kwa mia za kuharibika wakati wa kurekebisha mashine na kukunja. Ukienda A4, kurasa 32 zile zile zinakula karatasi 4,000 na majalada 500. Gharama ya karatasi imepanda maradufu na hujaongeza hata sentensi moja.

Rangi nayo ina hesabu yake. Kwenye ofseti, yaani uchapaji wa mabamba, rangi kamili inataka pleti (mabamba) 4, moja kwa kila rangi ya wino, kwa kila upande wa karatasi. Karatasi 4 za ndani zina pande 8, basi ni pleti 32. Nyeusi pekee ni pleti 8. Nyeusi na rangi moja ya kuongezea ni 16. Bei ya pleti haijali kama unachapa nakala 50 au 5,000, ndiyo maana toleo dogo hulemewa. Omba bei mbili kwa kila mchapaji, ya dijitali na ya ofseti, kwa vipimo vile vile. Kwa nakala 500 jibu hutegemea mashine alizo nazo, usikisie.

Kuna jambo la karatasi ambalo ni nadra mteja kuliuliza, na linaharibu majarida mazuri: uelekeo wa nyuzi. Nyuzi za karatasi ziende sambamba na mgongo. Zikikatiza mgongo, jalada la gramu 200 linapasuka kwenye mkunjo, wino unabanduka hapo na kuacha mstari mweupe wenye manyoya, na jarida linajifunga lenyewe kila ukiliweka mezani. Mwombe mchapaji autie mgongo wa jalada mstari wa kukandamiza kabla ya kukunja. Na kwa kuwa Kisumu iko ziwani, rimu zibaki zimefungwa mpaka siku ya kuchapa. Karatasi iliyokaa wazi hunyonya unyevu, ikajikunja kingo, ikakwama mashineni.

TaaNyekundu (Kisumu)

Mkuu MchapaKurasa, hesabu naikubali, ila A5 inazinyima picha nafasi. Ukimbana mpiga drami ndani ya safu ya milimita 58, fimbo zinapotea na uso unakuwa doa. Kama ni lazima A5, basi sheria iwe hii: picha ya jukwaani inapata ukurasa mzima hadi kingoni, au haiingii. Picha 6 za ukurasa mzima zinabeba jarida kuliko 20 za ukubwa wa kiberiti.

Ukurasa mzima wa A5 pamoja na ziada ya milimita 3 kila upande ni milimita 154 kwa 216. Kwa nukta 300 kwa inchi, unahitaji picha ya pikseli 1,819 kwa 2,551. Simu nyingi zinafikia hapo. Tatizo ni njia ya kutuma: picha iliyopitia WhatsApp kwa njia ya kawaida hukandamizwa. Mwambie mpiga picha aitume kama dokumenti.

Sasa taa nyekundu, NyuziSita, maana hapo ndipo penye ugonjwa wako. Taa za LED nyekundu tupu hujaza chaneli nyekundu ya kamera hadi inapasuka, huku kijani na bluu zikibaki karibu tupu. Uso unakuwa bapa, hauna pua wala kivuli. Ukiibadili picha hiyo kuwa CMYK, yaani rangi nne za wino wa kuchapia (siani, majenta, njano na nyeusi), unapata majenta na njano zimejaa pomoni, na karatasi isiyong'aa inaloa wino. Usihangaike kurudisha rangi ya ngozi, haipo. Fungua picha kwenye programu ya GIMP, tenganisha chaneli, uitazame ya kijani peke yake. Mara nyingi ndiyo iliyohifadhi macho na mikunjo ya shati, ingawa ni hafifu. Iongezee mwanga, kubali chenga zake, ichape nyeusi na nyeupe. Chenga zinaikaa rock vizuri kabisa.

Kuhusu giza: kwenye karatasi isiyong'aa kila nukta ya wino husambaa, na maeneo ya kati huongezeka takriban 20 kwa mia au zaidi. Kivuli chenye 85 kwa mia kwenye skrini kinaishia kuwa nyeusi tupu. Kabla ya kuweka picha ukurasani, punguza giza la vivuli hadi sehemu yenye giza yenye maana, kama nywele au gita jeusi, isizidi 80 kwa mia. Kwenye skrini picha itaonekana imepauka. Iache hivyo.

Kwa maonyesho yajayo, mpiga picha wenu aanze na f/1.8, ISO 3200, sekunde 1/250 kwa mpiga drami na 1/125 kwa mwimbaji aliyesimama kwenye maiki, na ahifadhi RAW, faili ghafi ya kamera. Asubiri taa zibadilike kuwa nyeupe au za njano. Huwa ni sekunde chache kila wimbo.

Na bango la katikati, kurasa 18 na 19: hapo pini zinapita. Usiweke uso wa mtu katikati ya mgongo. Msogeze mwimbaji kushoto au kulia angalau milimita 20.

KalamuNaRifu (Kakamega)

Dada na ndugu mmeshamaliza karatasi na picha, nami nijibu hiyo mianya kwenye safu, maana ni ugonjwa wa Kiswahili hasa.

Maneno yetu ni marefu. "Walivyomtumbuiza", "hawakuirekodi": neno kama hilo kwenye safu nyembamba yenye herufi 38 kwa mstari likikosa nafasi linashuka zima, na programu inanyoosha mstari uliobaki kwa mapengo. Ukiiwasha ikate maneno, itatumia kanuni za Kiingereza na kukuletea "tam-asha" au "rek-odi". Silabi za Kiswahili karibu zote huishia kwa irabu, kwa hiyo ni "ta-ma-sha", "re-ko-di". Na mb, nd, ng', ny, sh hazitenganishwi. Zima ukataji wa moja kwa moja, pangilia maandishi kushoto tu, acha ukingo wa kulia uwe na mawimbi. Palipo na pengo baya weka alama laini ya kukata kwa mkono.

Vipimo vya A5 vinavyosomeka: pambizo ya ndani milimita 15, ya nje 12, juu 14, chini 18. Unabaki na upana wa 121. Ukiacha 5 kati ya safu, kila safu ni 58. Fonti ya pointi 9 juu ya mstari wa pointi 12. Mistari yote ikae kwenye gridi hiyo ya 12, kushoto na kulia, la sivyo karatasi ya gramu 100 itaonyesha mistari ya nyuma ikipishana na ya mbele.

Najua mashabiki wa rock wanapenda kurasa zilizovurugwa. David Carson, mbunifu wa jarida la muziki la Ray Gun, aliwahi mwaka 1994 kuyachapa mahojiano na mwimbaji Bryan Ferry kwa fonti ya Zapf Dingbats, alama tupu zisizosomeka. Ilikuwa mara moja, kwenye jarida ambalo tayari lilikuwa na wasomaji. Nyinyi vurugeni kichwa cha habari na ukurasa wa kwanza wa makala. Mwili wa makala uacheni usomeke.

Ratiba ya maonyesho itoeni. Jarida la miezi mitatu likifika dukani, nusu ya tarehe zimepita. Badala yake weka msimbo wa QR wenye upana usiopungua milimita 20, mweusi juu ya karatasi nyeupe, wenye nafasi tupu pande zote, ukipeleka kwenye ukurasa mnaoweza kuubadilisha wenyewe. Nafasi iliyobaki ipeni benga. Nasema hivyo kwa moyo wote: "indie" mwanzoni haikuwa sauti, ilikuwa namna ya kutoa na kusambaza santuri nje ya kampuni kubwa. Chati ya indie ya Uingereza, iliyoanza 1980, iliangalia msambazaji, si mtindo wa gita. Kwa kipimo hicho, Oluoch Kanindo, aliyesambaza benga miaka ya 1970 hadi Zimbabwe ambako mtindo wenyewe uliitwa kanindo, ni habari yenu kabisa. Na bendi ya Duma wa Nairobi, ambao albamu yao ya 2020 ilitolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, wanaingia kwa mlango huo huo ingawa kelele zao si za indie rock. Ukurasa wa gita uonyeshe jinsi gita mbili za benga zinavyopokezana, kwa michoro ya vidole. Hakuna jarida la London litakalomfanyia msomaji wa Kisumu kazi hiyo.

Uhakiki 12 upeni maneno 130 kila mmoja, minne kwa kurasa mbili zinazotazamana. Kila uhakiki uanze na mstari wa jina, lebo, mwaka na aliyerekodi. Na kila picha iwe na ruhusa ya maandishi na jina la aliyeipiga kando yake, si kwenye orodha ya mwisho.

NyuziSita (Kisumu)

Asanteni sana, wakuu. Tumeamua: A5, kurasa 36, ndani nyeusi na rangi ya chungwa, jalada rangi kamili, picha 7 za ukurasa mzima, ratiba nje, benga ndani. MchapaKurasa, hilo chungwa nililiunda kwa kuchanganya majenta na njano. Ni sawa? Na faili tupeleke vipi?

MchapaKurasa (Nakuru)

Si sawa, na ni vizuri umeuliza mapema. Ukichanganya hivyo, programu itatoa pleti ya majenta na pleti ya njano, umerudi kulipia rangi tatu. Kwenye Scribus fungua orodha ya rangi, unda chungwa upya na utie alama kwamba ni rangi maalumu, yaani wino mmoja uliochanganywa tayari. Kisha tazama utenganisho wa rangi kabla ya kutoa PDF: kurasa za ndani zionyeshe nyeusi na chungwa pekee. Siani ikijitokeza popote, kuna picha hujaibadili kuwa ya kijivu.

Maandishi meusi yanayopita juu ya chungwa yapige moja kwa moja juu ya wino, chungwa lisitobolewe chini yake. Karatasi ikihama hata robo milimita, matobo hayo huonyesha utepe mweupe kando ya kila herufi. Chungwa lenyewe litumie kwa vichwa, namba za kurasa na vibao vya rangi nyuma ya picha. Kwa maandishi ya pointi 9 halisomeki.

Toa PDF/X-3 (aina ya PDF ya kuchapishia), fonti zote ndani, ziada ya milimita 3, kurasa moja moja kwa mpangilio wa kawaida kutoka 1 hadi 36, ila jalada (1, 2, 35, 36) liwe faili yake. Usizipange mbili mbili. Mchapaji ana mpango wake wa kuzilaza. Namba za kurasa zikae milimita 8 au zaidi kutoka ukingo wa nje, kwa sababu karatasi 9 zilizokunjwa (8 za ndani na jalada) zikipachikwa moja ndani ya nyingine, za katikati husukumwa nje karibu milimita 1 na kisu hukata hiyo.

Kabla ya yote kunja karatasi 9 za A4 katikati, zipachike, andika namba kwa kalamu 1 hadi 36. Kurasa mbili zinazokaa upande mmoja wa karatasi hujumlishwa 37: 5 na 32, 17 na 20. Utaona kwamba ni 18 na 19 tu zilizo kipande kimoja. Kurasa nyingine zote zinazotazamana zimekutana kwa pini, na zinaweza kupishana milimita 1 au 2, kwa hiyo kichwa kisivuke mgongo katikati ya neno.

Kisha dai nakala moja iliyochapwa kwenye karatasi ile ile, ikunjwe, ipigwe pini, ikatwe. Isomeni watu wawili kwa mwanga wa mchana, muiweke sahihi na tarehe, ndipo pleti zitengenezwe.