Kufunga hendibreki ya haidroliki kwenye Impreza GC8: paipu mbili za nyuma ziunganishwe kwa T?

Vumbi_Arusha
Wakuu, habari za kazi. Gari ni Subaru Impreza GC8, ABS imeshaondolewa, inaandaliwa kwa rali za barabara za vumbi. Hendibreki iliyonunuliwa ni ya wima, silinda moja ya inchi 0.75, ile ya kukaa katikati ya laini: tundu la kuingizia mafuta na tundu la kutolea. Fundi anataka kukata paipu mbili za breki za nyuma, kuziunganisha kwa T ziingie kwenye silinda, kisha zitoke na kugawanywa kwa T nyingine kwenda kwenye kalipa (zinazobana diski). Je, ni sawa? Na saizi ya silinda, aina ya paipu, na ile hendibreki ya waya iliyokuja na gari, tunafanyaje?

Paipu47
Mkuu, mwambie fundi asikate kitu bado. Hiyo T ni hatari.

Impreza imegawanya breki kimsalaba. Chemba moja ya masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali) inalisha gurudumu la mbele kulia na la nyuma kushoto, nyingine inalisha mbele kushoto na nyuma kulia. Ndiyo maana una paipu mbili kwenda nyuma. Kila moja ni ya mzunguko wake, na huo ndio usalama wako: paipu ikipasuka upande mmoja, mzunguko wa pili bado unashika. Ukizikutanisha kwenye T umefanya mizunguko miwili kuwa mmoja. Jiwe likikata mpira wa breki wa gurudumu lolote, pedali inakwenda mpaka chini na magurudumu yote manne hayana breki. Kanuni za FIA (shirikisho la kimataifa la michezo ya magari), Kiambatisho J, kifungu cha 253, zinataka mizunguko miwili inayoendeshwa na pedali moja, na mafuta yakivuja popote pedali iendelee kushika angalau magurudumu mawili. Mkaguzi anayejua kazi ataiona T hiyo mara moja.

Mpango wa fundi wako unafaa kwenye gari lenye mgawanyo wa mbele na nyuma, mfano Ford Escort Mk2, ambako paipu ya nyuma ni ya mzunguko mmoja tu.

Kwako unahitaji hendibreki ya silinda mbili sambamba. Paipu ya nyuma kulia inapita silinda ya kwanza, ya kushoto inapita ya pili, hazikutani popote. Mpangilio ni masta silinda, valvu ya kugawa presha, hendibreki, kisha kalipa. Usiiweke hendibreki kabla ya valvu, maana valvu itaipunguzia presha kama inavyoipunguzia pedali, na utavuta bila magurudumu kufunga.

Vumbi_Arusha
Asante sana mkuu. Je, tukibadilisha mfumo wote uwe mbele na nyuma, tutumie hii hii ya silinda moja?

Paipu47
Inawezekana, na wapo wanaofanya, lakini sikushauri kwa masta silinda iliyokuja na gari. Chemba zake mbili zimetengenezwa kila moja ilishe kalipa moja kubwa ya mbele na moja ndogo ya nyuma. Ukiigeuza, chemba moja inabeba kalipa zote mbili za mbele, pedali inarefuka, na mzunguko wa mbele ukifa unabaki na breki za nyuma peke yake kwenye gari lenye uzito mwingi mbele. Ukitaka njia hiyo, ifanye kamili: pedali boksi yenye masta silinda mbili na fimbo ya kusawazisha nguvu kati yake.

Boa_na_Presha
Kuhusu saizi, ukienda silinda mbili usichukue mbili za 0.75. Hesabu ni hii. Mkono unavuta kilo 25, uwiano wa lever ni 8 kwa 1, unapata kilo 200 kwenye pushirodi (fimbo inayosukuma pistoni). Kwa silinda moja ya 0.75, yenye eneo la sentimita za mraba 2.85, hiyo ni takriban bar 70. Ukiweka silinda mbili, nguvu ile ile inagawanyika, kilo 100 kila upande, na presha inashuka hadi bar 35. Dereva atavuta mpaka bega liume.

Chukua ya inchi 0.625. Eneo lake ni sentimita za mraba 1.98, utapata kama bar 50 kila upande. Kweli silinda ndogo inasukuma mafuta kidogo: kwa mwendo wa milimita 25 ni kama cc 5. Lakini hapa kila silinda inalisha kalipa moja tu, hivyo yanatosha, mradi pedi na diski ziwe nzuri na hakuna upepo ndani ya mafuta. Silinda ya 0.70 iko katikati, kama bar 40.

Mdomo_wa_Paipu
Paipu tumia kopa-nikeli ya inchi 3/16. Kopa tupu ya friji achana nayo kabisa, inakakamaa kwa mtikisiko halafu inapasuka pembeni mwa nati.

Kwenye nati ndipo watu wengi huharibu. Subaru inatumia M10x1.0, mdomo wa paipu uliokunjwa mara mbili kwa nyuzi 45. Hendibreki nyingi za dukani zina thredi ya 3/8 UNF (kipimo cha inchi) yenye meno 24 kwa inchi. Mbili hizi zinafanana mno: nati ya UNF inaingia mizunguko kadhaa kwenye tundu la M10 na unadhani imeshika, kumbe imeshikilia ncha za meno tu. Pima kwa geji ya thredi, usipime kwa jicho. Fitingi za AN (aina ya viungio vya paipu za magari ya mashindano) nazo zinataka mdomo wa nyuzi 37. Ukibana mdomo wa 45 kwenye kiti cha 37 utavuja, na ukizidi kukaza utaua kiti.

Tumia spana ya nati za paipu, kaza takriban Nm 15. Paipu zipite ndani ya gari kando ya mgongo wa katikati, mbali na reli za siti, klipu kila sentimita 25 hivi, na raba kila zinapopita kwenye bati. Kama silinda inacheza lever ikivutwa, weka mipira ya waya wa stenlesi hapo, si paipu ngumu.

Paipu47
Naongeza jambo linalosumbua kuliko yote: uwazi wa pushirodi. Lever ikiwa imeachiwa, acha kama milimita 1 kabla pushirodi haijagusa pistoni. Bila uwazi huo pistoni hairudi mwisho, inafunika tundu dogo linalounganisha upande wa kuingilia na wa kutokea. Sili ya mbele ya pistoni inaruhusu mafuta yapite kwenda mbele lakini si kurudi. Kwa hiyo ukikanyaga pedali, presha inafika nyuma, ukiachia inabaki imefungiwa huko. Gari linazidi kuwa zito, diski za nyuma zinawaka, na fundi anabadilisha kalipa ambazo hazina kosa. Kwa silinda mbili, hakikisha uwazi ni sawa pande zote, la sivyo gurudumu moja litafunga kabla ya lingine.

Hakikisha pia silinda ni ya kupitishia presha ya pedali. Ile ya kawaida inayotegemea kopo la mafuta ina sili ya nyuma isiyobeba presha hiyo, na mafuta yatatokea kwenye raba ya pushirodi.

Kutoa upepo: mafuta ya DOT 4, kiwango chake cha kuchemka yakiwa mapya si chini ya nyuzi joto 230 za Selsiasi. Anza na pedali, lever ikiwa imeachiwa. Kisha toa kwa lever: vuta taratibu, fungua nipo (skrubu ya kutolea upepo kwenye kalipa), funga nipo, ndipo uachie. Kama tundu la kutolea linaangalia chini, fungua bolti za silinda uiinamishe tundu liwe juu, la sivyo upepo utakaa pale siku zote.

Mwisho, thibitisha mizunguko iko mbali. Gari likiwa juu ya stendi, fungua nipo ya nyuma kulia na ukanyage pedali. Itazama, lakini lazima ifike mahali iwe ngumu, na magurudumu ya nyuma kushoto na mbele kulia yafunge. Yasipofunga, kuna mahali mizunguko imekutana. Kisha funga nipo na utoe upepo upya.

Senta_Difu
Hendibreki ya waya iache. GC8 yenye diski nyuma ina viatu vyake ndani ya diski, haigusi haidroliki. Utaihitaji kuegesha na kwenye barabara za kawaida kati ya steji (vipande vya mashindano). Haidroliki si ya kuegeshea, presha inashuka mafuta yakipoa.

Na dereva akumbuke klachi. Senta difu ya viskasi (difu ya katikati yenye mafuta mazito) inaunganisha mbele na nyuma, ukifunga nyuma ghafla mzigo wote unaingia kwenye giaboksi. Klachi chini, vuta kwa muda mfupi, achia. Kama gari lina DCCD (senta difu inayodhibitiwa kwa umeme), weka swichi ndogo kwenye lever ikate umeme wa senta difu mara tu lever inapoanza kusogea.