Codex, WOAH na IPPC: mbona gunia moja la mahindi lina wakubwa watatu?

MahindiKibaigwa

Wakuu habari za humu. Nina swali naomba wenye uelewa wanisaidie maana nimeuliza huku na kule kila mtu ananipa jibu lake. Nafanya biashara ya mahindi, nakusanya Kongwa na Kiteto, nawauzia watu wanaovusha kwenda Kenya. Juzi kati mzigo wa mteja wangu umekwama mpakani, cheti cha afya ya mimea anacho, cheti cha uasilia anacho, ila wakamwambia karatasi ya sumukuvu (ile sumu ya ukungu kwenye nafaka) hana kwa hiyo ageuze akapime. Wakala wake wa forodha akatuambia eti hizo karatasi chimbuko lake ni mashirika matatu ya dunia, Codex, WOAH na IPPC, hao ndo wanaopanga viwango na nchi zinafuata. Sasa haya mashirika huwa yanakaa pamoja au kila moja linajiamulia? Na kama yanakaa pamoja mbona sisi huku chini tunazungushwa ofisi hadi ofisi?

Viwango_Mstaafu

Pole sana mkuu. Wanakaa pamoja, tena kwa mkataba. WTO, shirika la biashara duniani, ilivyoanza 1995 ilikuja na mkataba wa afya ya binadamu, wanyama na mimea kwenye biashara, wengi wanauita SPS. WTO yenyewe haipangi kiwango hata kimoja, kwa hiyo mkataba ukataja kwa majina ni nani wa kusikilizwa: chakula ni Codex, wanyama ni WOAH (ndo ile OIE ya zamani, jina jipya walianza kulitumia 2022), mimea ni IPPC. Pale Geneva wamezoea kuwaita madada watatu. Nchi ikifuata viwango vyao inakuwa salama kisheria, ikitaka kukaza zaidi inaruhusiwa ila ilete ushahidi wa kisayansi.

Kinachowachanganya watu ni kwamba hawa madada hawakuzaliwa siku moja wala kwa shida moja. La wanyama ndo kongwe, Paris 1924, na chanzo chake ni ng'ombe waliotoka India kwenda Brazil wakapitishwa bandari ya Antwerp 1920 wakaacha sotoka Ubelgiji, nchi zikaona bila kupeana taarifa za magonjwa wataisha wote. IPPC ni mkataba wa 1951. Codex ni 1963, wenyewe ni FAO na WHO, mashirika ya UN ya chakula na ya afya, na Codex na IPPC ofisi zao zipo Roma. Kwa hiyo imebidi wagawane mipaka, mfano nyama, mambo ya mnyama akiwa hai shambani mpaka anafika machinjioni ni ya WOAH, akishachinjwa Codex ndo anashika.

Sasa njoo kwenye gunia lako. Humo ndani kuna dumuzi, yule mdudu wengine wanamwita skania, huyo ni wa IPPC na ndo maana ulipewa cheti cha afya ya mimea. Ila mkaguzi wa mimea anaangalia wadudu na magonjwa ya mimea, sumukuvu haionekani kwa macho na wala sio kazi ya cheti chake, sumukuvu ni usalama wa chakula, huko ni Codex na kwa hapa kwetu ni kiwango cha Afrika Mashariki, mahindi yasizidi sehemu 10 kwa bilioni kwa sumukuvu zote, na ile kali inayoitwa B1 isizidi 5. Kwa hiyo mteja wako alikuwa na karatasi halali kabisa lakini inajibu swali lingine.

Halafu gunia hilohilo likisagwa, pumba ikapelekwa kwa ng'ombe wa maziwa, sumukuvu inabadilika tumboni mwa ng'ombe inatokea kwenye maziwa. Codex wameweka kikomo cha maziwa, mikrogramu 0.5 kwa kilo, na tangu 1997 wana mwongozo wa kupunguza sumukuvu kwenye chakula cha ng'ombe wa maziwa. Hapo umeshaona mimea, wanyama na chakula vyote vimekutana kwenye gunia moja, kila mmoja akikaa kivyake mtoto anakunywa sumu na hakuna aliyekosea kwenye karatasi zake.

MaziwaNakuru

Hapo kwa maziwa umesema ukweli mtupu mzee wangu. Mimi ni mfugaji huku Kenya na ningependa ndugu zetu wa Tanzania waelewe hii kitu si roho mbaya. 2004 huku Ukambani watu 317 waliugua kwa sababu ya mahindi yenye sumukuvu na 125 wakafa. Mahindi ya nyumbani hayo, hayakutoka ng'ambo. Mtu akishazika watoto kwa sababu ya ugali huwezi kumwambia alegeze mpaka.

Lakini pia nakubali ile ya Machi 2021 ilifanywa vibaya, barua imetoka tarehe 5 kwamba mahindi ya Uganda na Tanzania yasiingie, malori yako njiani tayari, siku chache baadaye ndio wakasema haya yaingie kwa masharti, muagizaji asajiliwe na kila mzigo uwe na cheti kuonyesha sumukuvu iko chini ya 10. Sasa hayo masharti si wangeanza nayo tu? Kiwango kilikuwepo, nchi zote zilishakikubali.

SangaraMwanza

Wakuu mi naona mnawapamba sana hao madada. Sisi wa ziwani tuna kumbukumbu yetu. Kuanzia 1997 Ulaya wakaanza kuzuia samaki wa Ziwa Victoria, mara bakteria wa salmonela, mara 1998 kisa kipindupindu, mara 1999 kisa watu wanaovua kwa sumu. Kwenye ile ya kipindupindu WHO walisema wazi kabisa kwamba kuzuia chakula kutoka nchi yenye kipindupindu hakuna msingi, na FAO nao wakawa upande huohuo. Je samaki walipita siku hiyo? Hawakupita! Viwanda vikapunguza watu, bei ya sangara mwaloni ikaporomoka. Kwa hiyo wataalamu wanaweza kukubaliana vizuri tu huko juu, mwenye soko akikataa amekataa.

Na hata wao wenyewe sio kila kitu wanakubaliana. 2012 Codex walipiga kura kuhusu raktopamini, dawa ya kunenepesha nguruwe na ng'ombe, ikapita kura 69 kwa 67. Kura mbili! Hiyo ni sayansi au ni siasa za wauza nyama?

Viwango_Mstaafu

@SangaraMwanza hoja yako ya kura naikubali, pale sayansi ilikuwa mezani ila waliokuwa wanapiga kura ni serikali. Lakini ya samaki imalizie basi. Kilichofungua soko ni nchi zetu kutengeneza mialo, maabara, na kubwa zaidi kuamua ofisi moja tu ndo yenye mamlaka juu ya usalama wa samaki wa kuuza nje, kabla ya hapo Ulaya wakiuliza nani anasaini wanaoneshwa ofisi tofauti tofauti. Na ushirikiano umeshaleta kitu kikubwa, sotoka imetangazwa kuisha duniani 2011, FAO na hao wa wanyama wakishirikiana, na mgonjwa wa mwisho kuonekana alikuwa nyati wa Meru Kenya mwaka 2001. Babu zetu wafugaji wangeambiwa hilo wasingeamini.

Mkaguzi_Mimea

Nimechelewa kuuona huu uzi ila swali la mleta mada la mwisho halijajibiwa, la kwa nini anazungushwa. Nipo kwenye hii kazi nitasema ninachokiona.

Kila dada ana mtu wake nchini. Tanzania Codex wanamfahamu TBS (shirika la viwango), IPPC wanamfahamu TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea) pale Arusha, WOAH wanamfahamu mkurugenzi wa huduma za mifugo. Wizara tofauti, bajeti tofauti, mikutano tofauti. Huko juu mashirika yanafanya miradi pamoja, kuna mfuko unaitwa STDF uliotokana na ahadi ya Doha 2001, humo yumo FAO, WHO, WOAH, Benki ya Dunia na WTO, na ndo uliosaidia kuanzisha mfumo wa cheti cha mimea cha kielektroniki, nchi inayotuma inatoa cheti kwenye kompyuta na nchi inayopokea inakiona hapohapo kabla lori halijafika, kughushi kunakuwa kugumu sana. Hiyo ni kazi nzuri kwelikweli. Lakini mfumo huo ni wa mimea, majibu ya sumukuvu hayamo, hayo bado unabeba karatasi. Kwangu mimi kazi iliyobaki ni ya hapa nyumbani, hizi ofisi tatu zikae dirisha moja na sampuli ichukuliwe mara moja imalize yote. Kusubiri Roma au Paris watufanyie hilo ni kupoteza muda, sio kazi yao.

Na wewe mleta mada, Kiteto unakochukua mzigo ni hukohuko ambako 2016, pamoja na Chemba na Kondoa, watu 68 waliugua sumukuvu na 20 wakafariki. Kwa hiyo usipime kwa ajili ya Mkenya tu. Usinunue mahindi yenye unyevu zaidi ya asilimia 13.5, nunua kipima unyevu chako mwenyewe, mkulima aliyeanika chini kwenye udongo mkatae mpaka aweke turubai. Sampuli ichukuliwe gunia nyingi na sehemu tofauti za gunia maana sumukuvu haikai sawasawa, gunia hili safi la pembeni limeoza.

MahindiKibaigwa

Nashukuru sana wakuu, hasa hilo la karatasi kujibu swali lingine, hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. La 2016 nalikumbuka, ila sikuwahi kuliunganisha na mzigo ninaopakia.

@Mkaguzi_Mimea hapo kwenye sampuli nina swali moja. Nikipima nikiwa ghalani Kibaigwa halafu mteja akapakia baada ya wiki mbili, yale majibu bado yanakubalika mpakani au wanataka ipimwe siku ya kupakia? Maana kwa mvua hizi wiki mbili gunia linaweza kuvuta unyevu upya.

Mkaguzi_Mimea

Cheti kinafungwa na mzigo wenyewe mkuu, namba ya shehena na idadi ya gunia, ukichanganya au ukiongezea gunia nyingine juu yake hakina thamani tena. Na hofu yako ya unyevu ni sahihi, pima unyevu tena siku ya kupakia, umezidi anika kwanza na upime upya sumukuvu. Kabla ya yote mteja wako aulize upande wa Kenya wanataka majibu ya maabara ipi, wanaikubali ile yenye ithibati tu.