Kesi ya kiwanja Mwanza: nampataje wakili wa uhakika, si kishoka?

mkazi_buhongwa
Wakuu, habari za humu. Tuna kiwanja cha marehemu baba, kipo Buhongwa, hakijapimwa. Karatasi tuliyonayo ni mkataba wa mauziano wa 2003 wenye mhuri wa serikali ya mtaa. Baba alikitumia mpaka alipofariki Machi 2015. Mirathi hatujafungua. Sasa jirani kachimba msingi umeingia kwetu hatua kama sita, na akiulizwa anasema ana kibali cha ujenzi cha Jiji.

Nimeletewa mtu anayejiita wakili. Anataka milioni moja na nusu taslimu, risiti hana, na anasema kesi itaisha ndani ya miezi mitatu. Binamu yangu aliyeko London naye ananiambia nitafute solicitor (wakili wa kushauri na kuandaa nyaraka), halafu huyo ndiye aniwekee barrister (wa kusimama mahakamani). Nianzie wapi? Nimuulize nini? Malipo yanakwendaje?

mzee_wa_masjala
Ya solicitor na barrister mwachie binamu hukohuko. Kwetu wakili wa kujitegemea ni mmoja: anakushauri, anaandaa nyaraka, anasimama nazo kwenye baraza la ardhi na mahakamani.

Kabla hujatoa hata elfu kumi, muombe majina yake kamili kama yalivyo kwenye Daftari la Mawakili, pamoja na namba yake. Kisha ingia e-Wakili, mfumo wa Mahakama ulio wazi kwa kila mtu, umtafute. Jina kuwepo tu halitoshi, angalia na hali yake, maana wapo waliosimamishwa na wapo ambao hawajahuisha leseni. Leseni ya uwakili inaisha kila tarehe 31 Desemba, kwa hiyo ukimpata mtu mwezi wa kwanza au wa pili, hakikisha ya mwaka mpya anayo. Nyaraka zikiandaliwa na mtu asiye na leseni hai, upande wa pili ukigundua wanaweka pingamizi, na kesi inaweza kuondolewa kabla hata hujafungua mdomo.

Digrii ya sheria peke yake haimfanyi mtu wakili. Lazima awe ameapishwa na Jaji Mkuu.

Njia nyingine ya kumjua kishoka ni kutazama ukurasa wa mwisho wa karatasi anazokuandalia. Sheria ya Mawakili inataka aliyeandaa aandike jina na anwani yake pale kwenye "Imeandaliwa na". Kishoka hathubutu kuandika lake. Anaandika lako, kana kwamba umejiandalia mwenyewe, na akishapokea hela hana alama yoyote kwenye faili.

Na huyo wa miezi mitatu achana naye. Anayekuahidi tarehe ya hukumu ambayo mwenyekiti wa baraza mwenyewe haijui anakuuzia maneno.

furu_wa_igogo
Mkuu, kesi yako yenyewe ni mtihani mzuri wa kumpimia wakili. Msimulie kama ulivyotusimulia hapa, halafu unyamaze usikilize atauliza nini.

Swali la kwanza liwe mirathi. Kiwanja ni cha marehemu, wewe kama mtoto huwezi kukidai kwa jina lako. Anayeshtaki ni msimamizi wa mirathi, na uthibitisho wake, kama mirathi imefunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ni Fomu Namba 4. Andaa cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha familia. Wakili anayekimbilia kufungua kesi ya ardhi kwa jina lako bila kuigusa mirathi, muage kwa heshima uondoke. Kumbuka pia kwamba msimamizi anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali ndani ya miezi minne tangu ateuliwe. Wengi wakishaipata hiyo fomu wanajisahau.

La pili ni muda. Ukomo wa kudai ardhi ni miaka 12. Marehemu akifa akiwa bado anaishikilia ardhi yake, hesabu inaanzia siku ya kifo. Haianzii siku mliyopata usimamizi. Kwa hiyo ujihesabie mpaka Machi 2027, na mirathi itakula sehemu ya huo muda. Wakili asipokuuliza tarehe ya kifo, hajaiona kesi.

La tatu ni Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, kata kazi yake ni kusuluhisha tu, haitoi hukumu. Ukipewa karatasi imeandikwa "hukumu" ya kata, haina nguvu. Unachotaka kutoka kwao ni hati kwamba usuluhishi umeshindikana. Siku 30 zikipita bila suluhu, unaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hata bila hiyo hati, ila tunza nakala ya malalamiko yenye tarehe ya kupokelewa. Kata unakwenda mwenyewe, wakili haruhusiwi kukusimamia pale, hivyo asikuchaji "kuhudhuria kata".

La nne ndilo linaloangusha wengi wenye viwanja visivyopimwa: maelezo ya eneo. Kuandika "kiwanja kilichopo Buhongwa" hakutoshi. Ziwekwe mita za kila upande, mtaa, kata, na majina ya wanaopakana nawe pande zote nne. Wakili makini atataka kufika eneo la mgogoro, au angalau atakutuma ukapime kwa futi kamba mbele ya mjumbe na majirani. Bila hivyo, hata ukishinda, dalali wa baraza (anayetekeleza hukumu) hatajua abomoe wapi.

Thamani nayo ataiuliza, kwa sababu Baraza la Wilaya linasikiliza madai ya kurejeshewa ardhi yasiyozidi milioni 300. Kwa kiwanja chako sidhani kama ni shida.

mama_kirumba
Mimi naongeza ya hela, maana ndiko watu wanakoumia.

Bei haipangwi kwa kukutazama viatu. Zipo Kanuni za Malipo ya Mawakili za 2015, Tangazo la Serikali Namba 264, na mnaruhusiwa kupatana ndani ya utaratibu huo. Muhimu makubaliano yawe ya maandishi. Yaseme ada ni ya hatua zipi: je, maombi ya zuio (amri ya kusimamisha ujenzi) yamo? Rufaa imo? Kukazia hukumu kumo? Mara nyingi hayamo, na mteja anakuja kuambiwa siku ameshinda kwamba kumtoa mdaiwa ni bei nyingine.

Ada ya wakili itenganishwe na gharama: ada za kufungulia kesi (hizi hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, na risiti ubaki nayo wewe), kupeleka wito, nauli, mpimaji akihitajika. Uliza kama bei aliyokutajia ina VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ndani, maana ikija kuongezwa mwishoni inauma. Lipa kwenye akaunti ya ofisi na udai risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi). Gawanya malipo kwa hatua: kiasi mnaposaini, kiasi kesi ikishasajiliwa na umeona namba yake, kiasi ushahidi ukianza. Usikubali kulipa kwa kumegeana kiwanja.

Uliza pia nani hasa atasimama. Unapatana na wakili mkubwa mwenye ofisi mjini, siku ya shauri anakuja kijana aliyekabidhiwa faili asubuhi. Si kosa, lakini ulijue mapema na liandikwe.

Na amewahi kumfanyia kazi jirani yako? Muulize waziwazi. Kama ndiyo, kesi hii haimfai.

Hela ikiwa haipo kabisa, nenda ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri uulize watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya 2017. Huduma yao ni bure, anayekudai "ya kalamu" amevunja sheria.

mkazi_buhongwa
Asanteni sana, mmenifungua macho. Mawili yamebaki. Jiji nilishtaki pia kwa sababu ya kibali? Na jirani anajenga kila siku, nifanye nini wakati mirathi haijatoka?

furu_wa_igogo
La Jiji usiliamue wewe, mwache wakili aone hicho kibali kwanza. Kibali cha ujenzi peke yake hakimpi mtu umiliki wa eneo lako, na inawezekana jirani pekee akatosha. Ukimwingiza Jiji, mambo yanabadilika: notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe, na kesi inakwenda Mahakama Kuu. Wakili akikwambia anamshtaki Jiji wiki ijayo pale Baraza la Wilaya, huyo hajui afanyalo.

Ujenzi: wakili amwandikie jirani barua ya kumtaka asimamishe, nakala kwa mtendaji wa mtaa na ofisi ya mipango miji. Piga picha za msingi kila hatua. Malalamiko ya kata yafunguliwe mara tu usimamizi ukipatikana, na siku kesi inasajiliwa barazani, maombi ya zuio la muda yaende pamoja nayo na kiapo chake (maelezo yako ya maandishi uliyoyaapia). Zuio halisimami hewani bila kesi ya msingi.

mzee_wa_masjala
Nyongeza fupi. Tangu 2021 lugha ya mahakama ni Kiswahili, kwa hiyo usisaini kiapo usichokielewa. Chukua nakala ya kila kinachowasilishwa, na tarehe za shauri zifuatilie mwenyewe. Kesi ikifutwa kwa kutohudhuria, una siku 30 za kuomba irejeshwe barazani, na baraza litataka sababu ya msingi. Hukumu ikitoka vibaya, rufaa kwenda Mahakama Kuu ni siku 45, kwa hiyo omba nakala ya hukumu siku hiyohiyo kwa barua, na barua igongwe mhuri wa kupokelewa.

Wakili akila hela akapotea, malalamiko yanapelekwa TLS (chama cha mawakili cha Tanzania Bara) au Kamati ya Mawakili. Hapo ndipo ule mkataba na risiti za EFD vitakapotakiwa.